Gurudumu Nililolikaza

Kwanza kabisa, wajukuu zangu, msinipe sifa zisizokuwa zangu: babu yenu ni mwoga. Nimefanya kazi ya boila tangu ujana mpaka nikastaafu, kwanza kwenye shamba la tende hapa karibu na Ibra, baadaye kwenye mitambo kule Nizwa, na sikumbuki hata siku moja niliyowasha moto chini ya maji bila ya kuogopa. Nyie mnanicheka nikishtuka jiko la gesi linaposhika moto. Chekeni tu, mie nilishazoea.

Lile chuma lenye kutu pale shambani, mnalolipanda kupiga picha, ndilo boila lenyewe. Juzi mmoja wenu kaniuliza, "Babu, hii kitu ilikuwa inafanya nini?" Kitu ni hiki, si hii, nimesema mpaka koo limenikauka. Lakini siku hiyo sikuendelea kumgombeza, kwa sababu nilikumbuka Kiarabu changu mwenyewe nilipokuja nchi hii, na kilichotaka kututokea kwa ajili yake. Ndiyo maana nimekaa kukuandikieni.

Shamba lile lilikuwa la Sheikh Saleh. Enzi ya babu yake kisima kilivutwa na ng'ombe: dume anateremka anavuta kamba, ndoo ya ngozi inapanda, na gurudumu la mbao linalia kijiji kizima kinasikia. Baba yake Sheikh Saleh, aliyekuwa akifanya biashara na Bombay, ndiye aliyenunua boila, kuukuu, lilikwisha tumika kwenye kiwanda cha pamba huko. Likaletwa kwa meli mpaka Sur, na kutoka Sur likavutwa na lori kwa njia ya mawadi, yale mabonde makavu ya mchanga. Likizama mchangani watu wanalichimbua, hatua chache likazama tena. Wazee walituhadithia kwamba siku lilipopiga mluzi mara ya kwanza ng'ombe wote walikata kamba, na mmoja hakukikaribia kile kisima tena mpaka alipochinjwa. Sijui kama ni kweli, lakini yule ng'ombe namwelewa.

Boila lilikuwa na kazi mbili. Mwaka mzima mvuke wake ulisukuma pampu ya kisima. Na ukifika msimu wa joto wa kuvuna tende, wenyewe wanauita kaidhi, mvuke huo huo ulipelekwa kwa mabomba kwenye masufuria sita makubwa ya shaba. Humo tulichemsha tende za mabsali, zile zinazokatwa zingali ngumu na za manjano. Zikiiva zinatolewa, zinaanikwa uwanjani mpaka zikauke kabisa, kisha zinapakiwa kwenda Bara Hindi. Mashamba mengine yote yalichemsha kwa kuni. Letu lilichemsha kwa mvuke, na Sheikh Saleh alikuwa hapitishi mgeni bila ya kumpeleka kuliona.

Mie nilikuja mwanzoni mwa miaka ya sabini, kutoka Unguja, mimi na bibi yenu Zuwena na sanduku moja. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa kijiji hicho, kwa hivyo tulipokewa kwa heshima. Sheikh Saleh alikaa Unguja ujanani mwake, Kiswahili alikijua sawasawa. Akaniuliza, "Boila unalijua, Nasoro?" Nikamwambia nalijua, nimechochea moto kwenye kinu cha mafuta ya nazi. Hilo lilikuwa kweli. Akaniuliza, "Na Kiarabu?" Nikamjibu, "Kwani mie si Mwarabu, bwana?" Akacheka, akanipa kazi, na pamoja na kazi akatupa nyumba ya vyumba viwili pale pale shambani.

Basi nilijitia kitanzi mwenyewe. Kiarabu changu kilikuwa cha msikitini. Kumwomba Mungu nilijua, kuomba koleo sikujua. Na nilikuwa na hofu ambayo nyie hamwezi kuijua: tulikwisha ondoka nyumbani mara moja, na niliapa moyoni hatutaondolewa mara ya pili. Nikiambiwa neno nisilolielewa naitikia kwa kichwa. "Inshallah, usta. Zeni, usta." Yaani vyema, fundi. Nimeitikia mambo mengi hivyo, mengine Mungu ndiye ajuaye yalikuwa nini.

Usta mwenyewe ni Usta Hamdan, mkuu wa boila. Mfupi, mkavu, alijifunza mvuke Bahrain, na Kiswahili hakujua hata salamu. Alisema haraka na alisema kidogo. Mie aliniita Nasir. Alinifundisha kazi kwa mikono, na kwa mikono nilimwelewa, kwa sababu chuma ni kile kile Unguja na Ibra. Taabu ilikuwa maneno.

Bibi yenu Zuwena hakuwa na taabu hiyo. Akienda kufua falajini, kwenye mfereji wa maji wa kijiji, anawauliza wanawake, hiki mnakiitaje, na hiki je? Wanamcheka, naye anacheka nao, anarudi na maneno kumi. Nusu mwaka haujaisha alikuwa anapiga soga nao mlangoni. Akitaka kunifundisha nakuwa mkali. Mtoto wa kabila nifundishwe lugha ya babu yangu na mke wangu! Ujinga ule sikuutambua mpaka ulipotaka roho za watu.

Nikuhadithieni la chai kwanza, maana hilo tunalicheka mpaka leo. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza. Boila lina kioo kirefu chembamba ubavuni, ndani yake unaona maji yamefika wapi. Kioo hicho ndicho unachokitazama kabla hujamtazama mtu yeyote. Maji yakishuka chini ya kioo, chuma kinabaki kitupu juu ya moto, kinawiva chekundu, na hapo tena mwenye kukimbia akimbie. Siku hiyo Usta Hamdan alikuwa kainama chini anatengeneza pampu, akanipigia kelele, "Shei mai?" Kwa Kiarabu cha hapa maana yake, maji yapo? Mie nikasikia chai, nikasikia maji. Nikaenda jikoni, nikarudi na birika la chai na kikombe cha maji, nimejipanga vizuri kabisa.

Usta akalitazama birika. Akakitazama kioo. Maji yalikuwa yamebaki upana wa kidole. Aliruka juu ya bomba akaifungulia pampu ya mkono akapiga, akapiga, na mie nikapiga pamoja naye bila ya kujua tunakimbilia nini. Maji yalipopanda akakaa chini, akanywa ile chai yote. Mie nikajitia nimemletea kwa ukarimu tu. Alinitazama, kisha akarudi kwenye pampu yake. Zuwena akitaka kuniudhi huniuliza, "Shei mai?"

Baada ya hapo niliongeza kukitazama kioo, lakini sikuongeza kuuliza maneno.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hapa pana kazi. Maji ya falaji ni matamu kunywa, ila yana chokaa. Ukiyachemsha kila siku yanaacha ukoko mweupe ndani ya boila, ndani ya mabomba, na pahala pabaya kuliko pote, kwenye vali ya usalama. Vali hii ina mkono wa chuma wenye uzito. Mvuke ukizidi, vali inajiinua yenyewe na kuutoa. Ukoko ukiikamata haijiinui. Kwa hivyo kila asubuhi unauinua ule mkono kidogo kwa fimbo, vali inapiga mluzi, unajua iko hai. Kazi ya kupepesa jicho, ukiiacha unalala na mauti.

Usta Hamdan alikuwa akiifanya mwenyewe kila alfajiri kabla mie sijafika. Kaidhi ya pili yangu alifiwa na mjomba wake kule Bidiya, akaenda kwenye msiba. Kabla hajaondoka alinichukua mpaka kwenye ile vali, akaiinua, ikalia, akanieleza maneno marefu, akanionesha jua linakochomoza, akanionesha vidole vitatu. Nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani ananiambia atarudi baada ya siku tatu. Naam, hilo alilisema. Lile la kuinua vali kila asubuhi nililiitikia na halikuingia kichwani.

Akarudi siku ya nne asubuhi, jua limeshapanda. Masufuria yote sita yanachemka, mashina ya mtende yanawaka, kelele ya mvuke hata aliye ubavuni mwako humsikii asipopaza sauti. Wanawake wamejaa uwanjani wanatandaza tende. Zuwena alikuwa kakaa kwenye kivuli cha ukuta, hatua chache kutoka kwenye boila, anachambua, kwa sababu alikuwa mja mzito wa miezi saba na kuinama alikuwa hawezi. Aliyekuwa tumboni ni mama yenu.

Mie nilikuwa juu ya jukwaa la boila, pembeni ya geji inayopima nguvu ya mvuke. Niliuona mshale umefika kwenye alama nyekundu. Nikangoja vali ilie. Haikulia. Mshale ukaivuka alama. Nikaitazama vali, kimya. Karibu yangu palikuwa na gurudumu la chuma la kutolea mvuke kwa mkono, nikalishika, nikalizungusha kidogo, mvuke ukaanza kutoka juu ya paa. Hapo ndipo Usta Hamdan alipotokea mlangoni mwa uwanja, hata kilemba cha msibani hajakivua. Akaiona vali, akaniona mie. Akapaza sauti, "Battil! Battil, ya Nasir!"

Nyie mnaozungumza Kiarabu cha hapa tangu utotoni mnalijua neno hilo. Battil ni fungua. Kufunga ni bannid. Mlango unabattiliwa, dirisha linabattiliwa. Lakini mie Kiswahili ndicho kilichokuwa kichwani mwangu, na kwetu ndoa ikiwa batili imevunjika, hukumu ikibatilishwa imefutwa. Nikasikia: Batili! Yaani futa, acha, rudisha ulivyofanya. Nikaona kumbe nimekosea kulifungua. Nikalifunga.

Akapiga kelele zaidi. "Battil! Battil!" Mie nikakaza zaidi. Kadiri alivyopaza sauti ndivyo nilivyokaza, kwa mikono miwili, kwa mgongo, kwa nguvu zote alizonipa Mungu. Mshale ukafika mwisho wa geji ukagonga kipini chake. Mabomba yakaanza kuguna chini ya miguu yangu. Nilijua tunakufa, na nilijua Zuwena yuko pale ukutani, na bado mikono yangu ilikuwa inakaza, kwa sababu mkubwa wangu alikuwa anasema batili.

Nikamsikia Zuwena. Sauti ya mwanamke mwenye mimba, hajui aipate wapi, lakini aliipata. "Nasoro! Anasema fungua! Fungua, baba, fungua!"

Nikalizungusha kurudi. Halikuzunguka. Nilikwisha likaza mpaka limeshikana.

Usta Hamdan alipanda jukwaani, sijui alipandia wapi, ngazi hakuitumia. Akanisukuma, akalishika lile gurudumu kwa mkono wa kulia, na wakati huo huo maungio ya bomba pembeni yake yakapasuka, mvuke ukatoka kama upanga juu ya mkono wake. Sikuuona mkono tena, niliona weupe tu. Hakuuondoa. Nilimsikia anasoma shahada kwa sauti, na anazungusha. Kila mzunguko nilioukaza mie, yeye aliufungua ndani ya ule mvuke. Kisha paa likanguruma, mvuke wote ukaenda juu, mshale ukaanza kushuka. Wanawake walikuwa wamelala kifudifudi juu ya tende. Zuwena kalalia ubavu, mikono juu ya tumbo.

Hakufa mtu. Hapana siku inayopita bila ya kusema alhamdulillahi kwa hilo.

Sheikh Saleh alikuja mbio kuuliza kumetokea nini. Usta alikuwa kakaa chini, mkono ndani ya ndoo ya maji, uso umepauka. Akasema kwa pumzi fupi, nami niliyaelewa kwa sababu alisema polepole: "Gurudumu liliganda. Nasir hana kosa." Wakamtia garini kumpeleka hospitali. Mie nilikuwa nimesimama pale pale. Nilitakiwa kusema neno moja, nikanyamaza. Nilikwisha kukuambieni kwamba mie mwoga, na woga wangu mkubwa haukuwa wa mvuke.

Nyumbani Zuwena aliniuliza, "Kasema battil, nawe ukafunga?"

"Nilisikia batili."

Akaelewa mara moja. Akakaa kitako, akalia, kisha akacheka kidogo, kisha akalia tena. "Utamwambia lini?"

"Nitamwambia."

"Lini, Nasoro?"

Nikatoka nje. Kazi, nyumba, jina la babu yangu, na mtoto yuko njiani. Aliniuliza hivyo kila kaidhi ilipoingia, na kila kaidhi nilisema kaidhi ijayo. Ila kuanzia siku ile nilikaa mbele ya mke wangu nikafundishwa Kiarabu neno kwa neno, mpaka nikajua majina ya vitu ambavyo sijawahi kuvishika.

Usta alirudi baada ya miezi, mkono umepona vibaya. Ngozi ilijivuta, vidole vikajikunja ndani ya kiganja na havikukunjuka tena. Ngumi ya maisha. Jambo la kwanza alilolifanya ni kumwita Zuwena amwambie kwa Kiswahili wanasemaje battil na wanasemaje bannid. Akaambiwa: fungua, funga. Akayarudia mara nyingi, fungua, funga, fungua, akatikisa kichwa. Akasema maneno haya ni mapacha, kwenye kelele ya mvuke yatatumaliza. Basi akaweka sheria: juu ya jukwaa hakuna maneno. Kiganja wazi, fungua. Ngumi, funga. Mfanyakazi mpya haanzi kazi mpaka amejaribiwa mara ishirini. Sheria hiyo nilikwenda nayo Nizwa, nikawafundisha Wahindi na Wabaluchi na watu wa Al Hamra, na hakuna aliyeungua mikononi mwangu. Yeye mwenyewe ishara ya kufungua alikuwa anaitoa kwa mkono wa kushoto.

Nilitakiwa nishtuke siku ile. Kama gurudumu liliganda tu, anauliza maneno ya Kiswahili kwa nini? Lakini mtu mwenye siri hutazama mlango mmoja tu, ule anaoulinda. Sikushtuka.

Miaka ikaenda. Ikaja pampu ya dizeli, boila likabaki na kazi ya kaidhi peke yake. Ukaja umeme. Wanunuzi wa mabsali wakapungua, na mwaka mmoja katikati ya miaka ya themanini Sheikh Saleh akasema mwaka huu hatuwashi. Tulilimwaga maji mimi na Usta, tukalipaka grisi kila pahala penye kuzunguka, tukalifunika turubai kama kwamba tutarudi. Nakumbuka nilivyopata usingizi wiki ile. Usta yeye alikuwa na huzuni. Nami nikaenda Nizwa.

Mwishoni mwa miaka hiyo nikaletewa habari kwamba Usta Hamdan yuko hospitali ya Ibra na hali si nzuri. Nikaja na mama yenu, wakati huo msichana mkubwa, kabeba supu. Chumba kilikuwa na joto, dirisha limefungwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na sindano ya maji, umefungwa kwenye ubao. Mama yenu akamwamkia, akamwekea supu, akatoka kutafuta kijiko. Nikaona nisipolisema sasa silisemi tena.

Nikamwambia, kwa Kiarabu kisichokuwa na kosa hata moja: "Usta, gurudumu halikuganda. Uliniambia battil, nami sikujua maana yake. Kwetu batili ni kuvunja. Nililikaza mwenyewe. Mkono huu niliuunguza mimi."

Akafumba macho, nikadhani kalala. Kisha akasema, "Najua hukujua Kiarabu. Nilijua tangu siku ya chai."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. "Mbona hukusema?"

"Niliogopa kukuvunjia heshima mbele ya watu. Umetoka mbali, babu yako ni wa hapa, useme hujui lugha yake? Nikasema atajifunza. Vali nikawa naiinua mwenyewe alfajiri, usije ukapata lawama." Akavuta pumzi. "Kisha nikaenda msibani nikakuachia boila, na nilikuwa najua. Uwanja umejaa wanawake na mimi najua. Kila kaidhi nilitaka kukuambia, Nasir. Niliogopa utaniuliza hilo hilo uliloniuliza sasa."

Tukatazamana, watu wazima wawili tumeogopana miaka yote ile. Mie nililia, sioni haya kukuambieni. Yeye hakulia, alikuwa anatafuta hewa. Akauinua mkono wake wa kulia, ule ndio aliokuwa anaweza kuuinua, akaunyoosha upande wa dirisha. Ngumi. Kwa ishara zetu ngumi ni funga, na dirisha lilikuwa limefungwa tayari.

"Battil," akasema.

Nikainuka, nikafungua.